Masikio Mawili ndani ya Maikrofoni Moja

Ukipeleka kitu kwa fundi pale Busia, kwenye vibanda vilivyo karibu na barabara ya mpakani, kitu cha kwanza utakachopewa ni kigoda. Utakaa hapo, magoti yakigusa meza ya fundi, na utaangalia mpaka kazi iishe. Watu wa Busia wanaita hiyo kukalia mali yako. Ilianza wakati simu zilikuwa zinaingia kwa fundi na betri ya kiwandani na kutoka na betri isiyojulikana baba wala mama. Tangu hapo, hakuna mtu mwenye akili zake anayeacha kitu chake na kusema atapitia jioni.

Mafundi wengi wanachukia kukaliwa hivyo. Zilpa Naliaka alikuwa anapenda. Alisema mwenye kitu akiwa mbele yako unaweza kumuuliza maswali, kwa sababu kitu kikiharibika hakielezi chenyewe kilipokuwa wala kilichofanyiwa.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mtoto wa Sio Port, mji mdogo wa ziwani, mama yake mwanikaji wa omena, wale dagaa wadogo. Baada ya kidato cha nne alienda Malaba kuuza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori. Foleni ya malori pale Malaba inaweza kukaa siku tatu bila kusonga, na dereva aliyekaa siku tatu atazungumza na mtu yeyote. Mmoja alimpa redio iliyokufa akamwambia, "Fungua tu, dada. Haiwezi kufa mara mbili." Zilpa alifungua, akapanguza, akarudisha. Redio ikaongea, ila kwa spika moja, na mkononi mwake zikabaki skrubu tatu ambazo hakujua zilitoka wapi. Dereva alicheka mpaka akashika usukani. Zilpa hakucheka. Siku hiyo alinunua daftari, na kuanzia hapo hakuna kitu alichofungua kabla ya kukichora kwanza, kila skrubu na mahali pake. Kufikia mwaka huu tunaozungumzia, alikuwa na madaftari kumi na moja na kibanda Busia.

Lakini watu walikuwa wanamwita fundi wa chaja. Chaja, redio, spika ndogo za sokoni. Mikisa ya makanisa, zile mashine za kuchanganya sauti, ilipita mbele ya kibanda chake ikienda Kisumu. Vitu vya studio vilipita vikienda Nairobi. Zilpa aliviangalia vikipita jinsi mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya jirani.

Alhamisi moja asubuhi, wanaume wawili walisimama mbele ya meza yake wakibishana. Mmoja alikuwa Robinson, mtu mzima, mwenye studio ndogo ya kurekodi juu ya duka la vitambaa. Mwingine alikuwa Mujib, kijana wa mashine wa hiyo studio, ambaye alikuwa amebeba kisanduku kama amebeba mtoto mchanga.

"Mimi nimesema iende Nairobi," Robinson alikuwa anasema. "Kuna fundi kule anajua hivi vitu."

"Na kwaya ya Nambale je?" Mujib akauliza. "Wanakuja Jumamosi, mzee. Wameshakodi gari. Ikienda Nairobi leo itarudi lini?"

"Itarudi ikiwa nzima. Huyu mama ni wa chaja."

"Huyu mama anasikia," Zilpa akasema.

Mujib akafungua kisanduku. Ndani, kwenye sponji nyeusi, ililala maikrofoni nene ya rangi ya fedha, na mkia wake ulikuwa waya mmoja uliogawanyika mwishoni kuwa plagi mbili.

"Hii ni ya kuiga," Mujib akaeleza. "Mtu anaimba mara moja tu. Halafu baadaye unachagua: nataka sauti isikike kama imerekodiwa na maikrofoni fulani ya zamani, ama ile nyingine. Ziko ishirini humu ndani, dada Zilpa. Ishirini! Sasa tangu wiki jana inakwaruza kama kuku, na sauti imekonda."

Zilpa akainama kuitazama. Maikrofoni ishirini ndani ya moja? Moyo wake ulipanda kwa hamu na kushuka kwa woga, yote kwa wakati mmoja. Kama ishirini zote zilikuwa ndani, basi lazima kuna kompyuta ndogo humo, na kompyuta ya ukubwa wa kucha huwezi kuitengeneza na mita ya mkononi.

"Nipatie mpaka Jumamosi saa sita," akasema. "Nikishindwa, iweke kwenye basi."

"Na ukiweza?" Robinson akauliza.

Zilpa alikuwa amelifikiria hilo jambo miaka minne, kwa hiyo halikumchukua muda. "Ile nafasi ya nyuma pale studio kwako, karibu na dirisha. Nihamishie meza yangu pale. Vitu vyako vyote nitengeneze mimi, na vya watu wanaokuja kwako. Mikisa, spika, kila kitu."

Robinson alimwangalia, akaangalia kibanda chenye chaja zilizoning'inia kama mboga za kukaushwa. "Sawa. Lakini ukiiua, mama, hautanisikia nikisema pole."

Akaenda zake. Mujib akavuta kigoda akakaa.

Zilpa alichora nje ya maikrofoni kwa nusu saa. Halafu akazungusha pete ya chini, polepole, na bomba la fedha likateleza likatoka lote kama soksi.

Wakainamia wote wawili. Halafu Zilpa akaketi wima.

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Hizo ishirini."

Kwa kweli ndani palikuwa karibu patupu. Bodi mbili nyembamba, zimesimama mgongo kwa mgongo, kila moja na vitu vichache tu: transista, kapasita kadhaa za rangi, rezista moja kubwa ya kioo. Hakukuwa na kompyuta yoyote. Redio ya dereva wa Malaba ilikuwa na mambo mengi zaidi.

"Wametuuzia hewa!" Mujib akasema, mkono kichwani.

"Ngoja. Hiyo kuiga unafanyia wapi? Unabonyeza wapi?"

"Kwa laptopu. Kuna programu."

"Basi ishirini ziko kwa laptopu. Hapa hakuna anayeiga mtu." Zilpa alifuata waya kwa ncha ya kalamu, bila kugusa. Bodi ya kwanza ilitoka kwenye kichwa cha maikrofoni, upande wa mbele, ikaenda plagi ya kwanza. Bodi ya pili ilitoka kwenye kichwa hichohicho, upande wa nyuma, ikaenda plagi ya pili. "Angalia. Ni masikio mawili. Moja linasikia mbele, lingine linasikia nyuma, kila moja na njia yake. Yote mawili yanapeleka kila kitu yalichosikia, bila kupunguza. Laptopu ndiyo inachukua hizo sauti mbili inazichanganya: mbele kiasi hiki, nyuma kiasi hiki, inapata sauti ya maikrofoni fulani ya kale."

Mujib alikuwa ametumia hiyo maikrofoni mwaka mzima na hajawahi kuuliza kwa nini ina plagi mbili. Alidhani ya pili ni ya akiba.

"Ulikuwa unachomeka zote?" Zilpa akauliza.

"Kitabu kilisema nichomeke zote. Nikachomeka."

"Asante kwa kitabu."

Hiki kilikuwa kitu cha kusomeka. Na zaidi ya hapo, hebu fikiria bahati: bodi mbili, pacha kabisa, na bila shaka moja mbovu na nyingine nzima! Mujib alileta laptopu na kale kasanduku kanakopeleka umeme wa volti arobaini na nane juu ya waya uleule wa sauti, wakasikiliza kila upande peke yake. Mbele ilikuwa safi. Nyuma ndiyo iliyokwaruza, na sauti yake ilikuwa mbali, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya ndoo. Sasa Zilpa hakuhitaji mchoro wa kiwanda. Alihitaji tu kupima mahali hapa kwenye bodi nzima, halafu mahali hapohapo kwenye bodi mbovu, na pale zitakapotofautiana ndipo ugonjwa ulipo.

Alipima kutwa nzima. Mujib alikuwa anaandika namba kwenye daftari, safu mbili. Malori yalipita, wanawake wa magendo madogo ya unga walipita, Mganda muuza ndizi alisimama akaangalia akasema, "Nnyabo, mama, hiyo ni bomu?" akaenda. Na kufikia saa kumi jioni, safu zote mbili zilikuwa zinafanana kuanzia juu mpaka chini.

"Sasa?" Mujib akauliza.

"Sasa bodi ni nzima zote mbili."

"Lakini haifanyi kazi."

"Najua haifanyi kazi, Mujib."

Aliirudisha maikrofoni kisandukuni, imefunikwa kwa kitambaa safi. Mujib akabeba kisanduku kwenda nacho nyumbani, maana kukalia mali ni pamoja na kulala nayo. Zilpa alifunga kibanda akijiona tayari akitengeneza chaja mpaka uzee.

Ijumaa asubuhi walianza tena, na hawakuwa wamefika popote wakati paka wa Alinga aliporuka juu ya meza. Alinga alikuwa anauza samaki kibanda cha pili, na paka wake alikuwa mnene, mvivu, mtu wa heshima zake. Hajawahi kupanda meza ya Zilpa hata siku moja. Angefuata nini kwenye chaja? Lakini sasa alizipita nyaya, akaipita chai ya Mujib yenye maziwa, akaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha maikrofoni, akakinusa. Halafu akakilamba.

"Shuka! Shuka wewe!" Mujib akamsukuma. Paka alishuka, akapanda tena upande wa pili, akakinusa tena.

"Zilpa wewe!" Alinga akapaza sauti kutoka kibandani kwake. "Umempikia nini mtoto wangu?"

Lakini Zilpa hakumjibu. Alikuwa anamwangalia Mujib. Mujib alikuwa anaangalia chai yake.

"Mujib. Hii maikrofoni ilienda wapi wiki jana?"

"Studio. Ilikuwa studio."

"Mujib."

"Dada Zilpa, mzee Robinson akijua atanifukuza."

"Mimi si Robinson. Mimi ni fundi. Mwambie fundi."

Basi yakatoka yote. Wiki jana, Robinson akiwa matangani, Mujib aliibeba maikrofoni akaenda nayo Sio Port. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wa kule huimba wakitandaza omena asubuhi, na alitaka kuzirekodi hizo nyimbo palepale, na upepo wake na ndege wake. Na alirekodi, nyimbo mbili tamu mno. Katika ya tatu mvua ya ziwani ikashuka bila hodi. Akaikumbatia maikrofoni akakimbia, lakini ikalowa. Jua lilipotoka, akina mama wakamwonea huruma. Wakamwambia, mtoto wetu, usilie, iweke hapa kwenye wavu, jua la hapa linalokausha omena kwa saa chache haliwezi kushindwa na kachuma.

"Ukaiweka."

"Nikaiweka."

"Na omena."

"Katikati," Mujib akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo palikuwa na jua zuri."

Zilpa alitaka kukasirika. Alijaribu kabisa. Lakini alimwona huyo kijana akiwa amechuchumaa kando ya wavu akichunga maikrofoni ya studio isichukuliwe na korongo, na kicheko kikamtoka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka ghafla, kwa sababu alikumbuka mikono ya mama yake.

Omena ina magamba madogo kuliko kucha ya mtoto, yanang'aa. Mama yake akirudi kutoka kwenye nyavu alikuwa nayo mpaka kwenye nyusi. Yana mafuta. Yanashika mahali na hayatoki kwa kupulizwa.

"Leta ile lensi yangu," akasema. "Na usogeze kigoda, unanizibia jua."

Alichora kichwa cha maikrofoni kwanza, ingawa mikono ilikuwa inawasha. Halafu akafungua skrubu nne ndogo na kuinua chandarua cha chuma. Katikati kilisimama kisahani cha ukubwa wa kifuniko cha soda, pande zote mbili kimevikwa utando mwembamba wenye rangi ya dhahabu, mwembamba kiasi kwamba Mujib alipovuta pumzi ulitetemeka.

"Funga mdomo," Zilpa akanong'ona. "Usipumulie upande huu. Hilo ndilo sikio. Likitoboka, mimi na wewe tuhamie Uganda."

Alizunguka upande wa nyuma, lensi jichoni. Utando ulikuwa mzima. Pembeni yake, pale waya mwembamba ulipogusa ukingo, kitu kilimeta. Gamba. Gamba moja la omena, limelala kama daraja kati ya waya na pete ya chuma, na kuzunguka gamba kulikuwa na utelezi wa mafuta.

"Mita yangu isingeliona hili milele," akasema, karibu kwa furaha. "Huu utando umeshika umeme kidogo sana, Mujib. Sauti ikiusukuma, ule umeme unacheza, na bodi inasoma ule mchezo. Ni kidogo kiasi kwamba ukiwa na njia ya kutorokea hata ya unyevu tu, unatoroka. Na wewe uliujengea daraja la samaki."

Alikata ncha ya karatasi safi, akaitelezesha chini ya gamba, akalinyanyua. Halafu kwa brashi ya nywele tatu nne, iliyochovywa kidogo kwenye spiriti, alipangusa ukingo, mara tano, sita, bila kuugusa utando hata mara moja. Jasho lilimtiririka puani. Mujib akalifuta kwa leso bila kuambiwa, akiwa bado amefunga mdomo.

Wakarudisha chandarua. Wakachomeka. Mujib akavaa hedifoni, akasema "moja, mbili" nyuma ya maikrofoni.

Uso wake ukabadilika.

"Haisikii chochote," akasema. "Sasa imekufa kabisa."

Hapohapo, kama ameitwa, Robinson akatokea kwenye barabara, mikono mfukoni. "Mmefika wapi?"

Zilpa akaweka brashi chini. Sikio lilikuwa likikwaruza. Sasa lilikuwa limenyamaza, na aliyelinyamazisha ni yeye. Angeweza kusema bado tunapima. Angeweza kusema njoo kesho.

"Nimeona ugonjwa nikautoa," akamwambia. "Lakini sasa upande wa nyuma hausikii. Nadhani spiriti haijakauka. Kama si hiyo, basi mimi nimeiharibu, na nitakwambia hivyo kwa mdomo wangu. Nipe saa mbili."

"Iwekeni juani basi."

"Hapana!" Zilpa na Mujib wakasema pamoja.

Robinson aliwaangalia. Zilpa akaifunika maikrofoni kwa bakuli safi la kioo, kivulini. Robinson, badala ya kwenda, akavuta kigoda cha Alinga akakaa. Sasa mali ilikuwa imekaliwa na watu wawili, watatu ukihesabu paka.

Zilikuwa saa mbili ndefu. Katika saa ya pili Robinson alilivuta daftari, akaanza kupitisha kurasa. Aliona mchoro wa maikrofoni, kila skrubu na namba yake. Akarudi nyuma akaona redio za malori, pasi, pampu ya maji, mkisa mmoja wa kanisa ambao Zilpa aliuangalia tu bila kuruhusiwa kuutengeneza, akauchora kutoka kichwani.

"Huu ni mkisa wa kanisa letu," akasema.

"Ulipita hapa ukienda Kisumu. Walisimama kununua maji, nikawaomba niangalie."

"Ulirudi na shida ileile."

"Najua. Shida iko hapa." Akaonyesha kwa kidole.

Muda ulipofika, Zilpa alivaa hedifoni mwenyewe. Mujib akaenda nyuma ya maikrofoni, akafungua mdomo, na badala ya kusema moja, mbili, kwa sababu ya wasiwasi akaimba mstari wa wimbo wa wanawake wa Sio Port.

Ukaingia mzima. Ukaingia na kifua chake, na pumzi yake, na nyuma yake honi ya lori kule mpakani, na Alinga akikata samaki. Zilpa alifumba macho. Halafu akasikiliza tena, vizuri zaidi, jinsi fundi anavyosikiliza baada ya mtu kufurahi.

"Inasikia," akasema. "Ila kuna mvumo mdogo sana upande wa nyuma, wa mbali. Mbele hakuna. Kwaya haitausikia, lakini upo. Nikipata mahali pasipo na vumbi nitausafisha tena uishe."

Robinson akachukua hedifoni. Kwenye laptopu akabonyeza maikrofoni moja ya kale, halafu nyingine, na nyingine, na sauti ya Mujib ikazeeka, ikanenepa, ikarudi ujana. Alichukua muda mrefu. Akavua.

"Ilikuwa na nini?"

Zilpa akafunga daftari. Hilo jibu halikuwa lake kulitoa. Mujib alisimama akitazama viatu vyake, na kama wote wawili wangenyamaza tu, Robinson angekubali hata jibu la vumbi.

"Ni mimi, mzee," Mujib akasema. "Niliipeleka Sio Port, ikanyeshewa. Nikaianika."

"Ukaianika wapi?"

"Na omena."

Robinson alimwangalia kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai. "Na omena," akarudia. "Maikrofoni yangu."

"Lakini nilirekodi, mzee. Nyimbo mbili. Hebu sikiliza kwanza ndiyo unifukuze."

Alisikiliza. Mara ya kwanza akiwa amekunja uso. Mara ya pili aliomba sauti iongezwe. Mwishowe akavua hedifoni, akasema bila kumwangalia mtu, "Ukienda tena utaenda na mwavuli. Na huyu mama." Halafu akamgeukia Zilpa. "Kwaya inaingia kesho saa nane. Nataka uwe pale wakiimba, ikianza kukwaruza uwe karibu. Kwa hiyo hii meza ihamishwe leo."

Waliihamisha kwa mkokoteni wa Methuselah, mzee mmoja wa kupeleka mizigo ng'ambo ya mpaka na kuirudisha. Chaja zikaenda kwenye karai, madaftari kumi na moja kwenye mfuko wa unga. Alinga aliaga kana kwamba Zilpa anahamia Mombasa, wakati studio ilikuwa hatua mia mbili tu. Ngazini meza ilikwama. Waliigeuza upande, wakaigeuza kichwa chini, Methuselah akatoa amri kama anaingiza lori bandarini, na bado haikupita.

"Ni kubwa kuliko mlango," Robinson akasema, akitweta.

"Ngojeni, tutaifungua," Zilpa akasema. Akakaa kwenye ngazi, akatoa daftari jipya, la kumi na mbili, na kuanza kuchora meza yake mwenyewe, mguu kwa mguu, skrubu kwa skrubu. Wanaume watatu walisimama wameishikilia juu, mikono ikitetemeka.

"Mama, chora haraka," Methuselah akaomba.

"Ukiharakisha zinabaki skrubu tatu," akajibu, na kalamu ikaendelea.